Dawa ya Ijumaa

Maelezo ya mume na mke mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama, mkoani Njombe



Tuliombwa tuzungumze juu ya maumivu ya viungo, nasi tukakubaliana kuzungumza wawili kwa pamoja, kwa kuwa hata ugonjwa wenyewe tuliuugua wawili. Mama ndiye mwenye vidole hivi mnavyoviona. Baba ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya gauni, akimchana nywele na kumshika mkono kwenda chooni kwa muda wa miaka mitatu. Kwa hiyo tukisema "sisi", mtuelewe hivyo. Na tukisema "mama" au "baba", mjue tunasemana wenyewe.

Ilianza mwezi wa sita mwaka 2015, baridi ikiwa kali kama mnavyoijua. Wakati huo mama alikuwa akifuma masweta ya shule kwa mashine, na kwa siku moja aliweza kumaliza masweta mawili. Asubuhi moja aliamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukaza, haviwezi kukunja ngumi. Tukasema ni baridi. Akaviota moto, na kufika saa nne vikalegea. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya mwezi, viganja vikafuata, kisha vifundo vya miguu, kisha magoti.

Ninyi wahudumu kila siku mnaambiwa "inauma". Hebu tuwaeleze inauma namna gani. Mama alikuwa anainua kikombe cha chai kwa viganja viwili, kama mtoto anayejifunza kunywa. Shuka likimgusa vidole vya miguu usiku, analia. Kugeuka kitandani ilikuwa kazi ya kumwamsha baba. Mtu akija kumsalimu kwa kumshika mkono, mama anauficha mkono nyuma ya kanga, na watu wakaanza kusema ana maringo. Na kuchoka! Hata siku ambazo hakufanya lolote alikuwa amechoka kama aliyelima tangu alfajiri.

Jina lenyewe la ugonjwa lilitupoteza. Kwa Kiswahili tunasema baridi yabisi, na sisi wa nyanda za juu tunajua baridi ni nini, basi tukadhani tumeshapata sababu na kinga yake ni sweta. Baadaye tuliambiwa kwamba ugonjwa huu uko hata pwani, kwa watu ambao hawajawahi kuvaa sweta maishani mwao. Baridi huweza kumfanya mgonjwa asikie maumivu zaidi, lakini siyo inayouleta. Wengine nao walisema mama amerogwa, akachanjwa chale magotini na kupakwa dawa. Hilo hatutalizungumza sana, maana halikusaidia na limepita.

SINDANO ILIYOTUFURAHISHA

Sasa tufike mahali tunapoona aibu kidogo. Mwaka 2016 tulielekezwa kwenye duka moja la dawa ambako kulikuwa na "sindano ya viungo". Mama alichomwa siku ya Alhamisi. Jumamosi alifua nguo. Jumapili alisimama na kwaya tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wakapiga vigelegele. Tulimshukuru Mungu, tukamshukuru na mwenye duka. Wiki ya tatu maumivu yakarudi, tukarudi dukani. Tukaenda hivyo karibu mwaka mzima, na katikati ya sindano mama akawa anameza vidonge vya diklofenaki, mara nyingi bila chakula tumboni, kwa sababu maumivu hayasubiri uji uive.

Uso wake ukaanza kuwa wa duara. Majirani wakasema ndoa imemkubali. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, akigongwa kidogo panabaki doa jeusi. Kiu ikawa haikatiki, na alipopimwa sukari ilikuwa juu. Mwaka 2017, mwezi wa nne, alipata choo cheusi kama lami, akaanguka jikoni. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Aliongezewa chupa mbili za damu, na mmoja wa waliotoa yuko hapa leo, ameketi nyuma pale.

Daktari aliyemhudumia alimaliza habari ya tumbo, kisha akamshika mikono akaitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mwishowe akauliza, "Asubuhi inachukua muda gani mpaka vidole vilegee?" Mama akajibu, "Saa mbili, wakati mwingine tatu." Katika miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Tulimaliza kwanza matibabu ya tumbo na sukari, na mwanzoni mwa mwaka 2018 tukaandikiwa barua kwenda hospitali ya rufaa Mbeya. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilitukopesha nauli. Tukapanda basi hadi Makambako, tukaunganisha lingine, na mama akalalamika njia nzima hadi Uyole, kwa sababu kila tuta la barabarani lilikuwa linapita magotini mwake.

NDOO CHINI YA BATI

Kule alipimwa damu, akapigwa picha za eksirei za mikono na miguu, tukaambiwa ugonjwa ni rumatoidi athraitisi. Tulielezwa kwamba siyo uzee, maana huwapata hata vijana, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Kinga ya mwili, ile inayotulinda na vijidudu, inakosea na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unajaa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Picha za mama zilionyesha mfupa umeshaliwa kwenye vidole viwili.

Baba akauliza: mbona sindano ilimponya? Daktari akatujibu kwa mfano ambao hatujausahau. Akasema, bati likivuja unaweza kukinga ndoo, na ndani pakawa pakavu, ukalala vizuri. Lakini bati bado limetoboka na mbao za paa zinaendelea kuoza. Diklofenaki ni ndoo. Ile sindano, ambayo kwa maelezo yetu alidhani ilikuwa ya jamii ya deksamethasoni, ni ndoo kubwa zaidi: inazima uvimbe haraka, na ukiitumia mfululizo bila usimamizi inadai malipo kwenye sukari, mifupa, ngozi na tumbo.

Akatusimulia kwamba hata madaktari wenyewe waliwahi kudanganyika hivyohivyo. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, Dk. Philip Hench na wenzake walimchoma mwanamke mmoja kotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo. Alikuwa hawezi kutembea, na ndani ya siku chache akatembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili. Baadaye ndipo madhara ya kuitumia kwa wingi na kwa muda mrefu yalipoonekana. Tulijisikia nafuu kidogo kusikia hivyo. Kama waliopata Nobeli walishangilia, sisi wa Njombe tulifanya kosa gani kupiga vigelegele?

Dawa hizi siyo mbaya zenyewe. Mama alipewa prednisoloni kwa kiasi kidogo, akapunguziwa polepole huku dawa nyingine ikisubiriwa kufanya kazi. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla, maana mwili wake umesahau kutengeneza za kwake, na anaweza kuzidiwa hata kufa. Ubaya ni kuzitumia usizozijua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi juu ya vidonge viitwavyo Artri King vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo ukiona "dawa ya asili" inayoondoa maumivu ya miaka kwa siku mbili, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza ndani mna nini.

WIKI TISA

Dawa ya kuziba bati ilikuwa vidonge vidogo vya njano vinavyoitwa methotreksati, kila kimoja miligramu 2.5. Mama aliandikiwa vinne, yaani miligramu 10, mara moja kwa WIKI. Tunaomba mwandishi wa jarida aandike neno hilo kwa herufi kubwa. Aliandikiwa na asidi ya foliki, ya kupunguza madhara, asiyoimeza siku ile ya methotreksati. Kabla ya kuanza alipimwa ini, figo, wingi wa damu, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Tukachagua siku ya Ijumaa jioni, ili kichefuchefu kikija kimkute Jumamosi akiwa nyumbani.

Tulipofika nyumbani kijana wetu akasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Akasema, "Baba, hii ni dawa ya saratani." Tulinyamaza. Mama alidhani amefichwa ugonjwa wake. Tulipiga simu, tukaeleweshwa kwamba ni kweli, dawa hii ilianzia kwenye saratani miaka ya 1940, na bado hutumika huko kwa dozi kubwa mara nyingi zaidi. Kwa dozi ndogo ya wiki hutuliza ile kinga iliyokosea. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa baridi yabisi mwaka 1988, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu.

Ijumaa ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, kichefuchefu. Ya nne, hakuna kitu. Tulikuwa tumeambiwa wazi kwamba inaweza kuchukua wiki 6 hadi 12, lakini mtu mwenye maumivu hahesabu wiki, anahesabu usiku. Mama alisema mara mbili kwamba turudi tu kwenye sindano. Baba naye, tuseme ukweli, siku moja alifika hadi kwenye kona ya lile duka akiwa na pesa mfukoni. Akakuta limefungwa.

Wiki ya tisa, asubuhi, baba alikuwa nje anapasua kuni. Akasikia chupa ya chai inafunguliwa jikoni. Mnajua zile chupa ambazo kifuniko chake kinakazwa kwa kuzungushwa? Watoto walikuwa wameshakwenda shule, na ndani hakukuwa na mtu mwingine ila mama. Akaingia na shoka mkononi. Mama alikuwa amesimama na kifuniko mkononi, naye anakishangaa. Hakuna aliyesema lolote. Tukanywa chai.

Baada ya hapo mambo yalikuja moja moja. Vifungo vya gauni. Kumenya viazi. Kulala hadi alfajiri bila kuamka. Kukunja kanga. Kufikia mwezi wa sita wa matibabu, ule mkazo wa asubuhi ulikuwa haufiki nusu saa. Mama akaanza tena kusalimia watu kwa mkono, na ndipo wengine walipojua kwamba yale hayakuwa maringo.

4x1

Tungependa kuishia hapo, lakini mliotualika mlitaka tuseme yote.

Mwaka 2019 baba alikwenda msibani Songea. Dawa ilikuwa imekwisha, binti yetu akaenda kununua, akapewa bahasha iliyoandikwa "4x1". Ninyi mnajua tunavyosoma bahasha hapa kwetu. 1x3 ni kimoja mara tatu kwa siku. 2x2 ni viwili mara mbili kwa siku. Basi 4x1 ni nini? Mama alishangaa, akauliza, binti akamjibu, "Mama, imeandikwa hapa." Tulikuwa tumeshaambiwa kliniki kwamba huenda dozi ingeongezwa, mama akaona ndiyo hiyo. Akameza vinne Ijumaa, vinne Jumamosi, vinne Jumapili, hivyo kwa siku sita.

Siku ya saba mdomo wake ulijaa vidonda, akashindwa kumeza hata maji. Homa ikapanda. Baba alirudi usiku akamkuta wodini. Uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ulikuwa umesinyaa, na chembe nyeupe za kupambana na vijidudu zimeshuka sana. Alikaa hospitali siku kumi na moja, na zipo siku ambazo hatukuwa na uhakika kwamba tutarudi naye nyumbani. Aliyeandika bahasha ile hakuwa na nia mbaya. Aliandika kama alivyozoea kuandika bahasha zote. Tumeambiwa kwamba katika nchi mbalimbali, hata zenye hospitali kubwa, watu wamefariki kwa kosa hilihili la kumeza kila siku dawa ya wiki.

Mama alipotoka alisema hataiona tena dawa ile ndani ya nyumba yake, na baba akaunga mkono. Miezi mitatu ilipita. Viungo vikavimba kimoja kimoja kwa mpangilio uleule, kama mgeni anayejua njia. Mwezi wa nne mama akashindwa kufungua ile chupa ya chai.

Tulikwenda kliniki tukakaa kwenye benchi muda mrefu. Mama ndiye aliyeamua, baba alikuwa bado anaogopa. Alisema, "Dawa haikunikosea. Tuliisoma vibaya." Damu yake ilikuwa imerudi sawa, akaanzishwa tena kwa kiasi kidogo, baadaye akafikishwa miligramu 15. Na hadi leo ndiyo anayoitumia.

MNAYOULIZWA MAJUMBANI

Mtaulizwa kama baridi yabisi inapona. Ya mama haijapona, imetulizwa. Vidole viwili vilivyopinda havijanyooka wala havitanyooka, kwa sababu hakuna kidonge kinachorudisha mfupa ulioliwa. Ile miaka mitatu ya chale na sindano ndiyo iliyokwenda na vidole hivyo. Siku hizi anafuma sweta moja kwa siku mbili.

Mtaulizwa pia kama jirani anaweza kugawiwa. Hapana! Jirani yetu mzee, mwenye magoti yanayouma akipanda mlima, alituomba viwili tu ajaribu. Magoti yaliyochakaa kwa umri ni ugonjwa mwingine, na jongo la kidole gumba cha mguu ni jingine. Dawa hii haiwahusu. Anayestahili kuharakishwa hospitali ni yule ambaye viungo vidogo vya mikono au miguu, hasa pande zote mbili, vimevimba kwa wiki kadhaa, na asubuhi anakaza saa nzima au zaidi.

Kuna jambo ambalo katika mkoa wetu lina uzito wa pekee. Septrin, ambayo wengi wanaitumia na inapatikana kila zahanati, haipatani na methotreksati. Zikikutana zinaweza kuua chembe za damu kama ilivyotokea kwa zile siku sita. Mama akienda zahanati kwa kikohozi, neno la kwanza kinywani mwake ni jina la dawa yake, hata kabla ya salamu, na watu wanacheka. Pombe nayo inaumiza ini, kwa hiyo ulanzi tumeuacha. Baba hakulazimishwa kuuacha, lakini kunywa peke yake msimu wa mvua aliona ni uonevu.

Kina mama vijana, mtusikilize hapa. Dawa hii huharibu mimba. Mwanamke anayeweza kupata ujauzito lazima aseme mapema, apangiwe uzazi, na akitaka mtoto ashauriane na daktari aiache miezi kadhaa kabla. Zipo dawa nyingine anazoweza kupewa, kama salfasalazini, au hidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu wa ile klorokwini tuliyomeza zamani kwa malaria kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Sindano mpya za ghali zipo pia, lakini sisi hatujawahi kuzihitaji, hatutajifanya tunazijua.

Gharama hatuzifichi. Vidonge vyenyewe siyo vinavyotuumiza sana. Kinachotuumiza ni nauli na vipimo vya damu, ambavyo kwa mama ni kila baada ya miezi mitatu hivi, hata akijisikia mzima. Mara mbili dawa imekosekana na tukaagiza kwa kondakta wa basi kutoka Mbeya. Ndiyo maana tunanunua kabla hazijabaki za wiki tatu. Tunaomba mlipeleke suala hili kwenye vikao vyenu, kwa sababu wapo wagonjwa ambao hawamjui kondakta yeyote.

Bahasha ya mama tumekuja nayo, mtapitishiana. Mtaona imeandikwa kwa mkono wa baba: "VINNE NA VIWILI, IJUMAA TU." Baba anapenda kuandika "vinne na viwili" kwa sababu vinne ndivyo tulivyoanza navyo, ingawa mama anasema "sita" ingetosha. Kalenda ya ukutani ina alama kila Ijumaa iliyomezwa, na binti yetu ndiye anayeweka alama. Hatukutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Kalamu za wino mzito ziko mezani kwa mweka hazina, kila mhudumu achukue moja. Kesho mkipita majumbani, ombeni mwonyeshwe bahasha za dawa. Mkikuta methotreksati haina jina la siku, muulizeni mwenyewe anameza lini, kisha andikeni siku hiyo mbele yake. Mkikuta anameza kila siku, msiandike kitu. Mwambieni asimeze tena, mtafutieni usafiri wa kwenda hospitali saa hiyohiyo, na bahasha muichukue pamoja naye.